Majina yetu na wale walioyabeba: juu ya Anuarite Nengapeta

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wakristu wa parokia, Kisangani, katika juma la matayarisho ya Jubilei)



Kamati ya Jubilei imetuomba, sisi tunaotunza vitabu vya ubatizo, tuseme maneno machache juu ya majina. Wengine watawasimulia juma hili habari za majengo: nani alichoma matofali, mbao zilitoka msitu gani, kengele ilipandishwa kwa namna gani. Sisi hatuna matofali ya kuwaonyesha. Tuna vitabu vyenye mistari, na katika kila mstari kuna mtu mmoja na jina lake. Wengine wao wangali hapa, wamekaa katika viti hivi, wengine wamezikwa, wengine walikwenda Kinshasa au Bunia, na barua zao hazikutufikia tena.

Hatukuchagua neno hili kwa kupenda mambo ya zamani tu. Miezi hii, tulipokuwa tukiandikisha watoto watakaobatizwa kwa Jubilei, meza yetu iligeuka kuwa baraza la mabishano. Baba kijana anasema: binti yangu ataitwa Nengapeta. Bibi wa mtoto anasimama na kusema kwamba hilo si jina la ubatizo, hilo ni jina la nyumbani, apewe Marie au jina lingine lolote la Ulaya. Mwingine anakuja na jina la mchezaji wa mpira. Mwingine hataki mtoto wake awe na jina la ukoo hata moja, kwa maana amesikia mahubiri ya barabarani yanayosema kwamba majina ya wakubwa wetu yanabeba laana. Mara mbili tumeona mtoto akirudishwa nyumbani bila kuandikwa, kwa sababu upande wa baba na upande wa mama haukupatana.

Mtoto asiyeandikwa, ninyi wenyewe mnajua taabu yake. Katika mji huu ziko familia zilizokimbia vita na kupoteza sanduku la karatasi pamoja na nyumba, na wengi tunakumbuka siku zile za Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni yalipopigana katikati yetu. Kwa familia kama hizo mstari wa kitabu cha ubatizo umekuwa ushuhuda wa kwanza, na mara nyingine ushuhuda wa pekee, kwamba mtu fulani alizaliwa, siku gani, na kwa nani. Basi mabishano haya si mchezo wa maneno.

Tuanze kwa yale tuliyoachiwa na wazee. Katika nchi nyingi za Ulaya jina la baba linashuka kwa watoto kama nyumba ya urithi. Kwetu haikuwa hivyo. Ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana hata kwa herufi moja, wala hakuna anayeshangaa isipokuwa mgeni. Jina lilisema mtoto alikuja namna gani na nyumba ilikuwa katika hali gani siku ile. Ndugu zetu Wanande, ambao maduka yao mnayajua, wanahesabu watoto kwa majina: Paluku au Mumbere ni mzaliwa wa kwanza wa kiume, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Kwa Waluba, ukisikia Mbuyi unauliza Kabanga yuko wapi, kwa sababu ni mapacha. Na kwa Wakongo ni vilevile kwa Nsimba na Nzuzi.

Lakini jina zuri kuliko yote, kwa maoni yetu, ni jina la ngoma la Walokele, jirani zetu wa mtoni. Mzungu mmoja Mprotestanti wa misioni ya Yakusu, John Carrington, aliyekaa miaka mingi hapa na kiisha akafundisha katika chuo kikuu cha Kisangani, aliandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1949. Ngoma ile ya mti ina sauti mbili, ya juu na ya chini, wala haiwezi kutamka herufi. Maneno mengi mafupi yangelia sawasawa. Kwa sababu hiyo ngoma haisemi neno moja. Inasema fungu zima la maneno, refu, ili msikilizaji wa ng'ambo ya mto asikosee. Na jina la mtu katika ngoma lina sehemu tatu: jina lake mwenyewe, jina la baba yake, na kijiji cha mama yake. Tazameni vizuri sehemu hiyo ya tatu. Wale wanaogombana mezani petu kama mtoto ni wa upande wa baba au wa upande wa mama, Walokele walikwisha kuwajibu kwa mti na vijiti viwili.

Kuna majina mengine yaliyokuja kwa njia ya mto kutoka mashariki. Lugha tunayosema sasa hivi, Kingwana, ilifika hapa pamoja na Wangwana, watu wa misafara ya pwani na Maniema. Mkubwa wao, Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliwekwa kuwa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887; ninyi mnamjua kwa lakabu yake tu, Tippu Tip, ambayo wengine walisikia ndani yake mlio wa bunduki na wengine kupepesa kwa macho yake. Katika misafara hiyo watu wengi walipoteza majina yao, maana mtumwa hapewi nafasi ya kusema anaitwa nani. Mzee yeyote wa Kisangani anajua hayo, na hatutapita juu yake kwa tabasamu. Hata hivyo majina ya Wangwana yalibaki, yakaingia katika nyumba zisizo za Kiislamu, yakawa yetu: Shabani na Ramazani, ambayo ni miezi, Juma, aliyezaliwa Ijumaa, na Amisi, aliyezaliwa Alhamisi.

Jina hilo la Amisi linatufikisha pale tulipotaka kufika. Mwanamume mmoja Mbudu, wa nchi ya Wamba, alikuwa na jina hilo. Mkewe aliitwa Isude. Tarehe 29 Desemba 1939, huko Matali, walizaa binti, nao wakampa jina la Kibudu: Nengapeta. Maana yake ni kwamba utajiri unadanganya.

Tulikuwa tumefikiri kwamba wote hapa wanajua habari za majina ya binti huyo. Tulipouliza vijana wa katekisimu tukaona sivyo. Wanajua kifo chake, na wengine wanakijua vizuri sana. Majina yake hawayajui. Tutasema basi kwa utaratibu.

Mwaka 1943 alibatizwa pamoja na mama yake, akaitwa Alphonsine. Hilo ni jina la zamani la makabila ya Wajerumani, na wataalamu wanasikia ndani yake maneno mawili: mtukufu, na aliye tayari. Kiisha akaenda shuleni. Siku ya kuandikishwa, sista aliyeshika kitabu aliandika jina la dada yake mkubwa badala ya lake. Dada huyo aliitwa Anuarite. Hakuna aliyesahihisha. Cheti cha shule kilifuata kitabu cha shule, na vitabu vingine vikafuata cheti, mpaka Nengapeta mdogo akawa Anuarite kwa maisha yake yote. Na Anuarite, katika Kibudu, maana yake ni: naicheka vita.

Sisi tunaoshika kalamu tunaisoma habari hiyo kwa hofu kidogo. Herufi zilizoandikwa siku ya haraka, watoto wakiwa wamepanga mstari na sista labda amechoka, ndizo zilizokwenda mpaka altareni.

Anuarite aliingia katika Shirika la Jamaa Takatifu huko Bafwabaka, shirika la masista wa nchi hii lililoanzishwa na Mgr Camille Verfaillie, aliyekuwa Vikario wa Kitume wa Stanleyville, ndiyo kusema mji wetu huu. Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri, akapokea jina la tatu, Marie-Clémentine. Juu ya Maria hatuna haja ya kuwaeleza. Clémentine latoka katika Kilatini, clemens, maana yake mpole, mwepesi wa kusamehe. Wale waliokaa naye wamesimulia kwamba hakuwa mtu wa maneno laini kila saa. Alijua kukasirika, alijua kukemea, na kazi iliyofanywa vibaya ilimchoma. Alikuwa mwalimu, alitunza sakristia, alipika. Tunapenda kulisema hilo kwa sababu picha zake zinamwonyesha siku zote akitabasamu, na wasichana wengine hudhani kwamba mtakatifu ni mtu asiye na damu.

Kiisha ikaja vita ya mwaka 1964. Mji wetu ulishikwa na Wasimba tangu Agosti, na tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji walishuka kutoka mbinguni kwa parashuti. Huko Wamba, tarehe 26 Novemba, Askofu Wittebols aliuawa. Tarehe 29 Novemba Wasimba walifika Bafwabaka, wakawapakia masista katika lori. Waliwaambia kwamba wanapelekwa Wamba. Lori likaenda mpaka Isiro, mji ulioitwa Paulis wakati ule. Hapo Kanali Ngalo alimtaka Sista Anuarite awe mke wake, na mwenzake Kanali Pierre Olombe akajitia katika kazi ya kumlazimisha. Anuarite alikataa. Usiku Olombe alitaka kuondoka naye kwa gari, pamoja na Sista Jean-Baptiste Bokuma. Wote wawili walikataa, wakapigwa. Sista Bokuma alivunjwa mkono. Anuarite, akipigwa, alimwambia yule mtu kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui analotenda. Askari walimchoma kwa singe zao, na Olombe akampiga risasi. Ilikuwa yapata saa saba ya usiku, tarehe 1 Desemba 1964. Hakuwa bado ametimiza miaka 25.

Sasa yawekeni majina yake mbele yenu, mmoja baada ya mwingine, na msituambie kwamba majina hayana kitu ndani yake. Nengapeta: utajiri unadanganya, na yeye alikataa makuu ya kanali. Alphonsine: mtukufu aliye tayari. Anuarite: naicheka vita, jina lisilo lake, nalo likamfaa kuliko lolote. Clémentine: mwepesi wa kusamehe, jina ambalo hakulionyesha kila siku jikoni na darasani, na ambalo alilitimiza katika dakika chache za mwisho.

Lakini hatutaki mfikiri kwamba jina ni dawa. Dada yake mkubwa alikuwa Anuarite kwa haki, kwa kuzaliwa, na jina lile halikumpeleka Isiro. Waliokuwa na jina la Pierre, yaani mwamba, wamekuwa wengi. Na Pierre alikuwa pia yule aliyemwua. Jina ni kama nguo iliyoshonwa kabla mtu hajakua. Mwenyewe ndiye atakayeijaza au kuiacha ining'inie.

Mwili wake ulitupwa katika kaburi la watu wengi, mahali pasipoandikwa jina la mtu yeyote. Miezi minane baadaye ukafukuliwa, ukazikwa karibu na kanisa kuu la Isiro.

Tarehe 15 Agosti 1985, huko Kinshasa, Papa Yoane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye heri, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Kibantu. Siku ile ile Papa alitangaza msamaha kwa muuaji. Jina lilisomwa lote: Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta. Eklezya haikufuta kosa la kitabu cha shule, wala haikuliacha jina la baba na mama. Iliyaweka yote mawili bega kwa bega, na mbele yake jina la nadhiri.

Ili mjue uzito wa jambo hilo, inafaa tukumbushe mwaka 1972, kwa ajili ya vijana ambao hawakuuona. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi ilipewa jina la Zaire. Januari 1972 Rais Joseph-Désiré Mobutu akaacha majina yake ya ubatizo, akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga, na raia wote wakaamriwa kufanya hivyo. Padri aliyekutwa akimbatiza mtoto wa Zaire kwa jina la kigeni alitishwa kifungo cha miaka mitano. Gazeti la Afrique chrétienne, lililothubutu kuuliza kama utu wa Mwafrika unakaa kweli katika kubadili majina, lilifungwa. Kardinali Joseph Malula akatolewa katika makao yake, akakaa Roma kwa miezi kadhaa. Wakati huo ndipo ilipokuja desturi ya jina la pili, lile tunaloliita postnomu. Mtu aliyekuwa Augustin Fataki akawa Fataki Alueke. Laurent Monsengwo akawa Monsengwo Pasinya. Watu wengi walikuwa na jina la ofisini na jina la kanisani, na ndani ya nyumba walijibu yote mawili. Hayo yalilegea baada ya hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990, na majina ya ubatizo yakarudi katika karatasi.

Ndiyo kusema kwamba mwaka 1985, Papa aliposimama Kinshasa, kwa sheria ya nchi yule binti alikuwa Anuarite Nengapeta tu. Marie-Clémentine halikuwa jina halali katika karatasi za Zaire. Na kwa mawazo ya wakristu wengi wa miaka ile, kama kwa bibi yule wa mezani petu, ilikuwa kinyume chake: Marie-Clémentine ndilo jina, mengine ni ya nyumbani. Serikali ilikata upande mmoja, na sisi wenyewe tulikata upande wa pili. Kwa maoni yetu wote wawili walifanya kosa lile lile.

Wengine watatuambia: lakini majina ya wazee ni ya kipagani. Tujibu kwa upole. Mwenye heri Isidore Bakanja, yule katekista wa skapulari aliyekufa kwa mapigo mwaka 1909 na kutangazwa na Papa tarehe 24 Aprili 1994, sisi sote twampenda. Lile Isidore, ambalo kila mtu anadhani ni jina la kikristu tangu mwanzo, ni la Kigiriki, maana yake zawadi ya Isis. Na Isis ni mungu wa kike wa Misri ya kale. Denis latoka kwa Dionysos, mungu wa divai wa Wagiriki. Martin latoka kwa Mars, mungu wa vita wa Waroma. Hakuna paroko aliyepata kuwafukuza akina Denis katika kisima cha ubatizo. Majina hayo yalitakaswa na watu walioyabeba, yakasahau mahali yalipotoka. Bakanja na Nengapeta yamekwenda njia hiyo hiyo, tena kwa muda mfupi zaidi.

Sheria ya Eklezya yenyewe imesogea. Kitabu cha sheria cha mwaka 1917 kilimwagiza paroko ahakikishe kwamba mtoto anapewa jina la kikristu. Na kama wazazi wanakataa, yeye aongeze jina la mtakatifu na kuyaandika yote mawili kitabuni. Kitabu cha mwaka 1983, katika kanuni ya 855, kinataka jambo moja tu: wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lililo kinyume cha moyo wa kikristu. Hakisemi neno lolote juu ya Ulaya. Basi bibi wetu mpendwa, ambaye tunajua ametuombea wengi, atuwie radhi: kusema kwamba utajiri unadanganya si kinyume cha moyo wa kikristu. Yezu mwenyewe amelisema karibu hivyo hivyo, aliposimulia mfano wa mpanzi na miiba.

Kabla hatujarudi mezani, tutaje kwa haraka wengine ambao mji huu umewajua. Padri Gabriel Grison alifika mwaka 1897, akaanzisha misioni chini ya mlinzi wa jina lake. Gabriel katika Kiebrania lasema nguvu ya Mungu, na mahali pale pangali panaitwa Saint-Gabriel mpaka leo, hata kwa wale wasiojua kwamba palikuwa na padri wa jina hilo. Mgr Fataki, Mwafrika wa kwanza kukaa katika kiti cha Askofu Mkuu wa Kisangani, tangu 1967 mpaka 1988, alikuwa na jina ambalo katika Kiswahili cha pwani ni kile kikofia cha baruti kinachowasha bunduki. Waliomjua mtu mwenyewe watacheka. Monsengwo, aliyemfuata mpaka 2007, akawa Kardinali mwaka 2010 na kufariki tarehe 11 Julai 2021, alitoka katika ukoo wa kitawala wa Wasakata, na jina lake linamtaja mpwa wa chifu.

Na Patrice Lumumba. Yeye hakuwa mtu wa vitabu vyetu vya parokia, lakini alifanya kazi ya karani katika posta ya mji huu, na hapa ndipo alipojifunza kusimama mbele ya watu. Alizaliwa Onalua tarehe 2 Julai 1925. Waandishi wengi wanasema kwamba jina lake la kwanza lilikuwa Okit'Asombo, ambalo wanalifasiri kuwa mrithi wa waliolaaniwa. Jina lile aliliacha, akalifanya Lumumba lisikike dunia nzima. Juni 2022 jeneza lenye jino lake, kitu pekee cha mwili wake kilichobaki, lilipita hapa Kisangani, na watu waliita jina lile alilolichagua. Tunalitaja kwa ajili ya wale wanaoogopa laana ya majina. Wazee wetu hawakuwa wajinga: jina zito lilipotolewa, mara nyingi kilio cha nyumba yenye misiba ndicho kilichotoa jina hilo. Ikiwa mmerithi jina la kilio, na linawaumiza, njooni tuzungumze. Lakini msiyatupe yote kwa sababu ya moja.

Leo Anuarite ni jina la wasichana wengi, katika Kongo na nje yake. Huko Dar es Salaam, katika parokia ya Makuburi, kwaya yenye jina la Mwenye heri Anuarite imesikika katika redio za nchi nyingi, na waimbaji wake pengine hawajapata kuona Wamba hata katika picha. Hivyo jina la dada mkubwa limevuka ziwa. Nengapeta, jina alilopewa yeye mwenyewe na wazazi wake, limebaki nyuma. Katika vitabu vyetu tumelitafuta tangu siku ya beatifikasio, na tumelikuta mara chache mno, na kila mara katika nafasi ya mwisho, kwa herufi ndogo. Tulisikitika kidogo. Ndiyo sababu, yule baba kijana aliposema anataka binti yake aitwe Nengapeta, sisi hatukuona uasi ndani yake.

Haya basi ndiyo tuliyopatana na Baba Paroko. Kuanzia Jumapili ijayo, baada ya Misa ya kwanza, meza ya uandikishaji itakuwa chini ya mwembe na si ndani ya sakristia, ili wazee wapate kukaa. Jina la Kiafrika litaandikwa kama jina la ubatizo ikiwa wazazi wanalitaka hivyo, na yule anayetaka kuongeza Marie au Denis ataongeza, bila kuulizwa zaidi. Katekista atalisoma jina kwa sauti, herufi kwa herufi, mara mbili, mbele ya baba na mama, kabla ya kutia wino. Hata kama mstari wa watu ni mrefu, hata kama mvua inakuja. Tumechora pia safu mpya upande wa kulia wa ukurasa, ambayo haikuwamo katika vitabu vya zamani. Humo mtatuambia jina linatoka katika lugha gani, lina maana gani, na nani aliyelitoa. Wale wenye watoto waliokwisha kubatizwa, nao waje. Tutaandika maana zao katika daftari lingine.

Kwa yule binti mdogo ambaye nyumba yake haijapatana, nafasi yake tumeishika. Mstari wake upo, namba imetiwa, siku ya kuzaliwa imetiwa. Jina tumeliandika kwa kalamu ya kreyo. Tunaomba baba yake na bibi yake waje pamoja, Jumapili, wakae upande mmoja wa meza.